Siku za Shanga Nyeupe

"Usinitumbulie macho, Luqman. Nijibu kwa mdomo. Tangu lini unaisogeza hiyo pete?"

Luqman alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa chumba, kofia ya msikitini bado iko kichwani, kidole gumba kimeganda juu ya mkufu wa shanga uliotundikwa msumarini pamoja na tasbihi yake. Alijua kwamba amefumwa. Kosa lake ni lipi, hakujua.

"Kila asubuhi," alisema. "Nikirudi kuswali alfajiri. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana lini?"

"Siku ile ulipopitiwa, ukakaa hapo kitandani unalia kwamba hujui umefika wapi. Nikakwambia acha, nitakuwa nasogeza mimi."

"Nikajua ni siku ile tu." Dhahabu alikuwa na unga wa mahamri hadi kwenye viwiko. Aliiweka mikono mbali na dera lake, kama mtu aliyeshika kitu cha moto. "Ile moja, Luqman. Mimi sijaacha. Kila siku nasogeza kabla sijawasha jiko. Leo nimesogeza, nimekwenda kukanda unga, narudi kuchukua leso nakukuta na wewe unasogeza."

Hapo Luqman alielewa. Dhahabu alimwona akielewa. Akauachia ule mkufu ukabaki kupembea.

Mkufu ule walipewa kliniki. Una ushanga mwekundu mmoja, wa siku ya kwanza ya hedhi, kisha shanga chache za kahawia, kisha nyeupe, kisha kahawia tena hadi unapokwisha. Nyeupe ndizo siku za kushika mimba, na mtu asiyetaka mimba hukaa mbali na mwenziwe mpaka zipite. Kazi yote ni kipete cha mpira kinachosogezwa ushanga mmoja kila asubuhi. Mtu mzima yeyote anaweza. Lakini katika nyumba ile ya Mtongwe walikuwamo watu wazima wawili, kila mmoja akimwonea huruma mwenziwe, na kipete kikawa kinakwenda mwendo wa mara mbili.

"Jumatano," alisema Luqman taratibu.

"Jumatano ulinishika mkono ukaniambia tumeshavuka nyeupe."

"Nilikuta pete iko kwenye kahawia."

"Kwenye mkufu, ndiyo."

Dhahabu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa ameliona jambo lenyewe, ukweli ni huo. Aliona kwamba mwezi huu zile nyeupe zimekwenda upesi. Akadhani ni yeye anayezihesabu kwa hamu, maana hamu alikuwa nayo. Ilikuwa imepita miezi na miezi mume wake akilala amempa mgongo, si kwa chuki, kwa woga. Wakigusana vidole wakipokezana mtoto, kila mmoja alikuwa akivuta mkono wake haraka. Jumatano alipomgeukia, akalitamka jina lake sikioni, alinukia sabuni na ile harufu ya gesi ya mafriji anayotengeneza, ambayo haimtoki hata akioga mara tatu. Dhahabu alilia kwa furaha. Ndiyo hiyo Jumatano.

Woga wao haukuwa wa bure. Alipomzaa Samiha, miezi minane iliyopita, presha ilipanda ghafla, akashikwa na kifafa cha mimba pale pale juu ya kitanda cha kuzalia. Alipozinduka alikuta mtoto amekwisha kupewa jina. Daktari aliwaambia wote wawili, bila kuzungusha maneno, kwamba mwili ule usibebeshwe mimba nyingine kabla ya miaka miwili, na hata hapo iwe chini ya macho ya madaktari. Kwamba watamwahi tena safari nyingine, hakuwaahidi.

"Sema kweli," Dhahabu alisema, na wakati anasema alijua hafai kusema. "Ulikuwa unaikimbiza? Siku nyeupe zilikuchosha, ukaona uzipunguze?"

Luqman alimgeukia.

"Nilikaa nje ya mlango wa chumba cha kuzalia, Dhahabu, viatu vyako viko mapajani mwangu. Nesi akatoka akaniuliza, huyu mgonjwa ana mama yake? Hawaulizi hivyo mpaka mambo yameharibika. Halafu leo unaniuliza mimi kama nilikuwa nakimbiza siku."

"Nisamehe."

"Hapana. Umesema haki yako." Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Mimi si mtu wa kukaa na wewe. Nikikaa nitakuua. Nimeswali, nimefunga, nimelala nimekupa mgongo miezi mizima, na bado nimekuja kukutia hatarini kwa mkono wangu mwenyewe. Mama yako yuko Kisauni. Urudi kwake, ulee mtoto, uwe hai. Kila mwezi nitaleta matumizi. Nakuach..."

Dhahabu aliruka akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Usilitamke hilo neno," alisema kwa sauti ya chini. "Ukishalitamka halirudi. Wallahi, Luqman, ukilitamka kwa sababu ya mapenzi sitakusamehe mpaka kaburini. Ungelitamka kwa kunichukia ningekuelewa."

Walisimama hivyo. Midomo ya Luqman ilikuwa ya moto chini ya kiganja cha Dhahabu, na machozi yalimteremka yakachora njia mbili katika unga uliomgandia shavuni. Akaushika ule mkono, akaukandamiza mdomoni mwake, akafumba macho.

"Basi nifanye nini?" aliuliza ndani ya kiganja. "Niambie la kufanya nikafanye."

"Kuna nini humo ndani asubuhi yote hii?"

Alikuwa Bi Zuleikha, mama yake Luqman, ambaye chumba chake kilitazamana na chao upande wa pili wa ua. Aliingia na Samiha mgongoni, kwa sababu mtoto yule akilia alfajiri ni bibi yake anayemnyanyua. Akautazama uso wa mwanawe, akautazama mkono wa mkwewe, na kwa vile ni mtu mzima, akajua si mahamri wanayogombania.

"Shikamoo, mama," alisema Dhahabu.

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Bado," alisema Luqman.

Dhahabu alimweleza. Hakuficha Jumatano wala pete, ingawa masikio yalimwaka kwa haya. Bi Zuleikha alisikiliza akimpigapiga mtoto matako, kisha akakaa juu ya kigoda.

"Basi kama imeingia, imeingia," alisema. "Riziki hairudishwi. Tutakuombea dua, utakunywa dawa za presha, na utalala kitandani mpaka siku ya kuzaa. Kazi zote nitafanya mimi. Nimezaa mmoja tu katika dunia hii, na huyu mmoja ana mmoja. Mimi siogopi wajukuu."

"Mama, mimi ndiye ninayeogopa."

"Kila mwanamke anaogopa."

"Si kila mwanamke aliyezinduka akakuta mwanawe ana jina."

Dhahabu alikwisha kuichukua simu.

Sister Jerioth, yule Mtaita wa kliniki ya Likoni aliyewapa shanga, alipokea simu mdomo umejaa chai. Dhahabu aliiweka simu kwenye spika, akamweleza upesi upesi kama mtu anayeeleza njia.

"Ngoja," alisema Sister Jerioth. "Wote wawili mlikuwa mnasogeza?"

"Wote wawili."

"Ewe Mungu. Nimegawa mikufu ile miaka, hili sijawahi kulisikia. Hedhi uliiona lini? Usiangalie pete. Kumbuka."

"Jumapili ya harusi kwa Abdulaziz. Sikuweza hata kucheza chakacha. Si Jumapili iliyopita, ile ya kabla yake."

Dhahabu alimsikia akihesabu.

"Basi Jumatano ulikuwa katikati ya nyeupe, mama. Na leo ndiyo zile siku zenyewe. Baba Samiha yuko hapo?"

"Naam, Sister, nasikiliza."

"Sikiliza vizuri. Kila mwezi yai moja hutoka kwa mwanamke, linaingia kwenye mrija wa kupeleka kizazini. Lisipokutana na mbegu, haliishi hata siku mbili, limekwisha. Watu wanadhani basi hatari ni siku hiyo moja. Sivyo. Mbegu zako wewe zikiingia, zinaweza kukaa humo ndani siku tano zinalingojea."

"Zinangoja?"

"Zinangoja. Kwa hiyo za Jumatano huenda ziko mrijani hivi sasa, na yai huenda linatoka leo, au limetoka jana. Sijui. Hakuna anayejua."

Luqman alikaa chini sakafuni. "Nitakimbia kwenye duka la dawa," alisema. "Nitaleta vile vidonge vya dharura."

"P2? Vile vinachelewesha yai lisitoke. Kama yai limekwisha kutoka, au liko mlangoni, kidonge hakilirudishi. Kwa siku mliyofikia, ningewapa kwa kukosa kingine tu. Kinachonitia moyo mimi ni koili. Ile ya madini ya shaba, isiyo na dawa ndani yake, maana nakumbuka presha yako. Ikiwekwa kizazini ndani ya siku tano tangu mlipokutana, ile shaba inazidhoofisha mbegu zisilifikie yai. Halafu inabaki humo humo, inawalinda miaka. Siku ukitaka mtoto, inatolewa."

"Jumatatu nitakuja," alisema Dhahabu. "Leo nina mahamri ya watu."

"Kesho tumefunga, na Jumatatu ndiyo ya tano. Sipendi kuchezea siku ya mwisho. Leo tunafunga saa sita mchana. Mje sasa."

Simu ikakatika. Nje kuku walikuwa wakiparua chini ya mnazi, na mafuta ya mahamri yalianza kunuka jikoni kwa kusahauliwa. Luqman alikwenda kuzima jiko. Aliporudi alimkuta mama yake amesimama mlangoni, ameujaza mlango wote.

"Koili, la," alisema Bi Zuleikha. "Sindano ya kupanga uzazi nilinyamaza. Shanga nilinyamaza, nikasema ni mambo ya watoto. Lakini kumtia mwanamke waya tumboni, hapana. Mke wa marehemu Garama alitiwa, ikampanda mpaka kwenye moyo."

"Mama, Sister alituonyesha picha," alisema Luqman. "Kizazi kimefungwa kama chupa. Hakuna njia ya kwenda moyoni."

"Wewe unajua friji. Nyamaza. Na josho je? Mtu ana kitu kigeni ndani, maji ya janaba hayakifikii. Ataswali vipi? Wakati wa sindano alikuwa anaona madoa kila siku, Ramadhani nzima hajui aswali au asiswali, mkeka wake unaota vumbi. Mimi niliona. Sasa mnataka kumfunga kabisa na Mola wake?"

Hilo ndilo lililokuwa limemzuia Dhahabu tangu mwanzo, na yule mama alilijua. Madoa ya sindano yalimtesa kuliko maumivu. Alipoambiwa na wanawake wa jirani kwamba koili huharibu josho, aliamini bila kuuliza, akaomba shanga, kwa sababu shanga haziingii mwilini. Alikuwa ameamua kwa kuogopa. Sasa aliogopa zaidi, na kuogopa kule kukampa akili.

"Mama," alisema kwa adabu, "ulipokuwa na mimba ya Luqman, ulikuwa unaoga janaba?"

"Nilikuwa na mume, ningeachaje?"

"Na Luqman alikuwa wapi?"

Bi Zuleikha alikaza fundo la leso begani.

"Alikuwa humo humo inapokaa koili," alisema Dhahabu. "Kitu kikubwa namna ile, ana miguu, anapiga mateke. Maji hayakumfikia, na josho lako likaswihi. Hiki ni kidogo kuliko kidole changu."

Luqman aligeuza uso ukutani. Mabega yalimtikisika, na haikujulikana kama ni kilio au kicheko.

"Una mdomo wewe," Bi Zuleikha alisema, lakini ukali ulikuwa umepungua. "Na hiyo riziki iliyo njiani? Kama imekwisha kuingia? Mtakwenda kuiua?"

"Sister ametuambia huenda mbegu hata haijakutana na yai. Tunakwenda kuzuia isikutane," alisema Dhahabu.

"Huenda. Kila kitu huenda." Bi Zuleikha alimwonyesha Luqman kwa kidevu. "Mimi nilimngojea huyu miaka saba. Saba, mwanangu. Nilitukanwa na mawifi, nilinyweshwa kila mzizi. Leo nisikie mtu ndani ya nyumba yangu anakimbia kwenda kuzuia. Hamnioni? Ukitoka mlango huu, Luqman, ukampeleka, usiniite mama mpaka..."

"Mama, usimalizie," alisema Luqman. "Asubuhi hii kila mtu anataka kumalizia maneno."

Alisimama katikati ya chumba, kati ya mama yake na mkewe. Dhahabu alimtazama, akajua kwamba mume wake hawezi. Si kwamba hataki. Alikuwa mtoto wa pekee, aliyengojewa miaka saba, na kumvuka mama yake pale mlangoni kulikuwa kumemshinda tangu alipozaliwa. Angesimama pale mpaka saa sita ipite. Angesimama pale huku akimpenda Dhahabu kwa moyo wake wote, na baada ya miezi kadhaa angekaa tena nje ya mlango na viatu mapajani.

Dhahabu alinawa mikono katika ndoo, akajifuta. Akavaa buibui, akafunga mtandio vizuri mbele ya kioo kidogo. Kisha akamwendea mavyaa wake, akafungua fundo la leso begani mwake, akamteremsha Samiha kutoka mgongoni, akambusu kipaji, na akamweka mikononi mwa bibi yake.

"Nishikie, mama. Amelala, usimwamshe. Uji wake uko kwenye chupa."

Mtu aliyeshika mtoto mchanga kwa mikono miwili hawezi kuziba mlango. Bi Zuleikha ilimbidi asogee upande, kichwa cha mtoto kisije kikagonga fremu.

"Unanitoka hivi hivi?" aliuliza.

"Natoka ili huyo asije akalelewa na picha yangu." Dhahabu aliinama, akaubusu mkono wa yule mama chini ya mgongo wa mtoto. "Niwie radhi. Ukikasirika, kasirika nami. Huyu usimlaumu, nimemlazimisha."

Alivuka kizingiti bila kugeuka. Uani hatua zake zilikuwa za haraka. Alikuwa amefika penye lango la makuti aliposikia kandambili zinapiga chini nyuma yake. Luqman alikuwa anakimbia, unga bado uko shavuni.

"Hujanilazimisha," alisema akihema. "Usiwaambie watu umenilazimisha."

Walipanda tuktuk. Luqman aliushika mkono wake chini ya buibui, mbele ya dereva, mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, na hakuuacha mpaka Likoni.

Kliniki ilikuwa na foleni fupi. Walimpima presha, wakampima mkojo, Sister Jerioth akamuuliza maswali mengi kuhusu kuzaa kwake, akajibu yote. Kisha wakampeleka nyuma ya pazia la kijani. Kitanda kilikuwa kama kile cha kuzalia, cha miguu ya chuma, chenye mahali pa kuweka visigino. Dhahabu alipokiona aligeuka akashika ukuta. Hakuwa amelala juu ya kitanda kama kile tangu siku ile.

"Baba asubiri nje," alisema Sister Jerioth akivaa glavu.

"Hapana," alisema Dhahabu. "Akae kichwani kwangu. Ile siku nyingine walimtoa."

Sister alimtazama Luqman, akamtazama Dhahabu, akasukuma stuli kwa mguu.

Luqman akakaa. Shavu lake lilikuwa karibu na la Dhahabu, akinong'ona aya anazozijua, akichanganya, akirudia mwanzo.

"Na kama tumechelewa?" aliuliza ghafla. "Sister, kama limekwisha kukutana?"

"Sitakudanganya. Hakuna dawa ya asilimia zote. Lakini hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote nilizonazo, na mmekuja mapema. Hedhi ikichelewa, mnarudi hapa siku hiyo hiyo, tunaanza kumwangalia tangu mwanzo. Hataachwa peke yake." Akageukia kitandani. "Wewe ndiye mwenye mwili. Bado unataka?"

Dhahabu alilitazama dari. Kulikuwa na panga boi lisilozunguka. Alimsikia Luqman amezuia pumzi, na akajua kwamba hata sasa akisema twende nyumbani, watakwenda, na mume wake hatamlaumu kamwe. Akageuza kichwa, akamtazama kwa karibu mpaka akaona kope zilivyogandana kwa machozi. Huyu ndiye mtu aliyetaka kumpa talaka ili aishi. Alimtaka. Alimtaka usiku wa leo, na wa kesho, na wa miaka ambayo wote wawili watakuwa hawana meno.

"Weka," alisema.

"Utasikia baridi. Halafu maumivu kama ya hedhi, ya mara moja. Nikikwambia kohoa, unakohoa."

Vyombo viligongana kwenye sahani. Baridi ilikuja. Kisha mkono wake ukaubana wa Luqman mpaka mifupa ikalia.

"Kohoa."

Dhahabu akakohoa. Luqman naye akakohoa.

"Wewe nani amekwambia?" alisema Sister Jerioth bila kuinua kichwa. Mkasi ukalia mara moja ukikata uzi wa koili. "Haya. Imekaa."